Kutambua vichwa vya dizeli vya zamani: rangi ije mwisho

Ninyi mnaoanza kuunda treni za mfano za Marekani, jicho lenu litakimbilia rangi. Lizuieni. Mimi nilimaliza wiki kadhaa nikipaka nyekundu na fedha ya kampuni ya reli ya Santa Fe kwenye E1, kichwa cha aina ya E, kila mstari nikiufuata kutoka picha moja nzuri sana. Picha yenyewe ilikuwa ya F7, kichwa cha aina nyingine, ya F. Ni kweli rangi hiyo ilianza na E1 mwaka 1937, lakini baadaye zilipakwa nayo F3, F7, hata PA za Alco, kiwanda kingine cha vichwa. Rangi hutaja mwenye mali tu, basi.

Anzeni chini, kwenye magurudumu. Vichwa vya E vya General Motors vina bogi mbili, yaani fremu za magurudumu, zenye ekseli (vyuma vya kuunganisha magurudumu) tatu tatu, na ekseli ya katikati haina mota, kazi yake kubeba uzito. F ni vifupi, ekseli mbili mbili. Kisha tazameni pua: kuanzia EA hadi E6 imelala kwa nyuma, E7 ya 1945 ina pua iliyosimama, kama FT, kichwa cha aina ya F, ya 1939. E7 na E8 mtazitenganisha kwa madirisha ya ubavuni, ya pembe nne kwa E7, ya duara kwa E8.

Kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni namba zenyewe. Nilidhani kila namba mpya ni mtambo mpya. Sivyo. Mwanzoni namba ilimfuata mteja: EA ni ya kampuni ya reli ya Baltimore & Ohio, E1 ya Santa Fe, E2 ya treni za City of San Francisco na City of Los Angeles, yenye pua iliyovimba. E4 ilikwenda kampuni ya Seaboard, ikiwa na mlango puani ili wafanyakazi wapite kutoka kichwa kimoja hadi kingine. E5 ya Burlington, nayo ndiyo niipendayo kuliko zote, ilivikwa chuma kisichoshika kutu chenye mifuo, ifanane na mabehewa ya treni zao za Zephyr.

Badiliko kubwa kuliko hayo yote halionekani kwa nje. Hadi E2, ndani mlikuwa na injini mbili za Winton 201-A, kila moja silinda 12 na nguvu za farasi 900. Kuanzia E3 zikaja injini mbili za aina ya 567, farasi 1,000 kila moja. Kwa hiyo daftarini tengeni safu mbili, ya umbo na ya mtambo, wala msikisie moja kwa kutazama nyingine.

E3 na E6 zinafanana mno. Mimi siamui kwa sura. Natafuta namba iliyoandikwa ubavuni, kisha naisaka kwenye orodha ya vichwa vya kampuni husika. Namba isiposomeka, picha hiyo naiweka kando, hata iwe nzuri namna gani.

Vya kushika kwa mkono vipo bado: EA namba 51 iko makumbusho ya reli ya Baltimore, na E5 iitwayo Silver Pilot iko Union, Illinois. Mkifika, pigeni picha za bogi na paa pia. Picha za pua zimejaa kila mahali.