Mama wa Kigoma aenda Llandudno

SWALI: Mwanangu anayesoma Manchester atanipeleka Llandudno, mji wa pwani huko Wales, mwezi wa nane. Mimi ni mzaliwa wa Katonga, maji nayajua. Nibebe nini, nikaone nini? – Mama Zawadi, Kigoma

JIBU: Shikamoo mama. Beba sweta na koti la mvua, hata kama ni Agosti. Upepo wa kule hauna huruma. Na tafadhali, usiizoee bahari ile kama Tanganyika. Ziwa letu halijai na kupwa kila siku. Kule, ufuo wa magharibi, maji huenda mbali kabisa kisha yakarudi. Uliza saa za kujaa kabla hujatembea mchangani.

Gati lao la mwaka 1877 lina urefu wa karibu mita 700. Ukinunua chipsi hapo, zifunike, shakwe hunyakua mkononi.

Ila mimi ningeanzia mlimani, Great Orme. Kuna tramu ya tangu 1902 inayovutwa na waya mnene. Shuka kituo cha katikati, uone machimbo ya shaba ya miaka kama 4,000, yaliyochimbwa kwa mawe na mifupa ya wanyama! Ndani kuna ngazi. Magoti yakikusumbua, mwanao aulize kwanza kabla ya kukata tiketi.