Maswali ya Wasomaji: Nimekwama Dirishani Ubalozini

SWALI: Ndugu Mshauri, nilihitimu shahada ya uhusiano wa kimataifa mwaka jana, na huu ni mwezi wa pili tangu nianze utarajali katika ubalozi wa nchi yetu ughaibuni. Nilitarajia kuhudhuria mazungumzo na kuandika taarifa za kisiasa, lakini kutwa nzima nipo dirisha la huduma za kikonseli, nikipokea fomu za pasipoti na kujibu simu. Je, niombe kuhamishwa? Tena, rafiki zangu wanasema kwamba nina kinga ya kidiplomasia. Ni kweli? – Mhitimu

JIBU: Ndugu Mhitimu, naanza na kinga, kwa kuwa ukikosea hapo unaweza kujiingiza matatani. Kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia wa mwaka 1961, kinga ni ya watumishi wa ubalozi ambao wizara ya mambo ya nje ya nchi mwenyeji imearifiwa kuteuliwa kwao. Kwa kawaida mtarajali hamo katika orodha hiyo, hivyo masharti ya kibali cha kuishi na sheria za barabarani yanakubana kama yanavyombana mgeni mwingine yeyote.

Sasa nije kwenye dirisha. Nami nilipomaliza chuo nilifanya utarajali wa miezi sita ubalozini, na minne kati ya hiyo niliimalizia mahali hapo hapo unapolalamikia. Nilinung'unika pia, hadi ilipokuja familia iliyofiwa, ikisubiri barua yetu ili mwili wa ndugu yao usafirishwe nyumbani. Niliandaa rasimu, na katika jina la marehemu nikaruka herufi moja iliyokuwamo kwenye pasipoti. Ofisa akatia saini, na mamlaka za nchi mwenyeji zikaikataa barua. Wafiwa wakasubiri siku mbili zaidi. Hakuna aliyenigombeza, na jina lile sijalisahau hadi leo.

Ukiufungua Mkataba ule, utaona kwamba Ibara ya 3 inataja ulinzi wa maslahi ya nchi na raia wake kabla ya kutaja majadiliano na serikali mwenyeji. Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kikonseli, wa mwaka 1963, nao unataka mgeni aliyekamatwa aelezwe bila kuchelewa kwamba ana haki ya kuomba konseli wa nchi yake, yaani ofisa anayewahudumia raia walio ughaibuni, ajulishwe. Atakapopiga simu mama akilia kwamba mwanawe yuko mahabusu, utapaswa kumweleza kwamba konseli anaweza kumtembelea, kumsaidia kupata wakili na kuwapelekea ndugu habari zake, lakini hawezi kumtoa gerezani wala kuiamuru mahakama. Kulisema hilo kwa upole, bila kutoa ahadi ya uongo na bila kuharakisha kukata simu, ni ujuzi ambao mimi sikuupata darasani.

Kwa hiyo nakushauri usiombe kuhamishwa, uombe kuongezewa. Mwombe ofisa akuonyeshe jinsi ubalozi unavyoiandikia wizara ya mambo ya nje ya nchi mwenyeji, kwa maana barua hizo zina utaratibu wake: huandikwa kwa nafsi ya tatu, hufunguliwa kwa salamu za heshima, na kwa desturi hugongwa mhuri na kuwekwa herufi za kwanza za jina badala ya saini kamili. Andika rasimu yako, uombe isahihishwe.

Jambo ninalolitilia mkazo zaidi ni hili: sikiliza yanayojirudia. Ikiwa wafanyakazi kadhaa wamekuja kuomba pasipoti mpya kwa sababu waajiri wao wamezishikilia zile za zamani, hiyo tayari ni taarifa ya kisiasa na ya kazi, na wewe umeijua kabla haijafika mezani kwa balozi. Iandike katika ukurasa mmoja, bila majina ya watu, ukieleza mlichokiona, kilianza lini na mnachoweza kuiuliza serikali mwenyeji. Ukurasa huo ubaki ofisini. Usiupige picha wala kumtumia rafiki, kwani nyaraka za ubalozi hulindwa popote zilipo. Kisha, kabla wiki hii haijaisha, mwombe msimamizi wako nusu saa, uingie ofisini kwake ukiwa nao mkononi.