Majina ya pesa mitaani: Dar si Nairobi

Mkuu, umeuliza kwa nini muuza mitumba wa Nairobi alikushangaa ulipomwambia shati ni la buku. Tatizo si Kiswahili chako. Kwa Dar, buku ni shilingi 1,000, lakini kijana wa Nairobi akisikia buku anafikiria kitabu. Yeye 1,000 anaiita thao au ngiri. Mia tano mnaiita jero, wao hiyo ni jirongo.

Na hilo la jirongo ni historia tupu. Uchaguzi wa Kenya wa 1992 ulipopamba moto, kundi la vijana wa KANU, chama tawala cha wakati huo, lililoitwa YK'92, lilikuwa likimwaga hela kampeni nzima. Kiongozi wake alikuwa Cyrus Jirongo. Watu wakaibandika noti ya 500 jina lake, likaganda mpaka leo. Kwenu pia yapo: noti nyekundu ya 10,000 inaitwa msimbazi kwa sababu Simba, Wekundu wa Msimbazi, wana makao mtaa huo pale Kariakoo. Mimi nayapenda sana majina ya namna hii, yanabeba siasa na mpira wa watu.

Kuwa makini na soo. Nairobi ni shilingi 100 tu. Dar ukisema "kuna soo" umetangaza aibu au msala.

Ukienda tena, jifunze mbao (20) na soo kwanza, maana nauli za matatu huitwa hivyo mno. Halafu bei kubwa taja kwa Kiswahili cha kawaida, wanakuelewa vizuri.