Taa ya chungwa ikiwaka, usingoje Jumatatu

Kama una mashine ya bekapu (nakala za akiba za data) ofisini, dukani au hotelini, yaani lile sanduku lenye diski nne au zaidi zinazochomolewa kwa mbele, nakuomba usilizowee. Hapa Unguja nimezihudumia nyingi, na mara nyingi iliyopoteza data ilikuwa imeshatoa taarifa mapema. Taa moja imegeuka kutoka kijani kuwa chungwa, mashine ikalia, mtu akaizima sauti, kazi zikaendelea. Mzee mmoja mwenye hoteli Mji Mkongwe aliniuliza, "Mbona bado yafanya kazi, mwanangu?" Ndiyo, yafanya kazi, na hatari iko hapo hapo: imeundwa iendelee kufanya kazi hata diski moja ikifa.

Mpango wenyewe unaitwa reidi (RAID). Ulitangazwa kwa jina hilo mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoeleza namna diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kufanya kazi ya diski moja kubwa ya ghali. Tuseme diski tatu zimeandikwa 5, 8 na 4. Ya nne inaandikwa jumla yake, 17. Ikifa yenye 8, mashine inatoa 5 na 4 kwenye 17, inapata 8 yake. Kwa undani haijumlishi namba kama hizi bali hupiga hesabu biti kwa biti, yaani 0 na 1, na jumla hizo husambazwa kwenye diski zote, lakini hesabu ni ya namna hiyo. Sasa zife mbili. 17 toa 5 ni 12, na hiyo 12 hutajua ilikuwa 8 na 4 au 10 na 2.

Ukichomeka diski mpya, mashine hulazimika kuzisoma zilizobaki tangu mwanzo hadi mwisho ili ihesabu kilichopotea. Diski ya terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 7, na watu wakiwa kazini hufika siku nzima au kupita. Hizo zilizobaki kwa kawaida zilinunuliwa siku moja na iliyokufa, zimekaa katika joto lile lile, na leo zinafanyishwa kazi nzito kuliko siku zote. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huahidi si zaidi ya kosa moja la kusoma kwa kila biti trilioni 100, sawa na terabaiti 12 na nusu. Diski tatu za terabaiti 4 zilizobaki ni terabaiti 12, karibu kabisa na kiwango hicho. Nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini kazi ya mtu siiweki juu ya bahati. Nunua sanduku linalokubali reidi 6, inayovumilia diski mbili kufa, ujue utapoteza nafasi ya diski mbili.

Kwa mashine za bekapu jambo hili lina uzito zaidi. Nyingi huikata data vipande vidogo, kila kipande kikapewa alama yake kwa hesabu, na kipande kilichokwisha kuhifadhiwa hakiandikwi tena. Ndiyo maana bekapu za usiku thelathini hazili nafasi mara thelathini. Lakini kipande kimoja kikiharibika, bekapu zote zinazokitegemea zimeharibika. Washa ule ukaguzi wa kila mwezi unaosoma diski zote na kurekebisha makosa kabla hayajarundikana.

Umeme nao. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na kukatika kwa ghafla tunakujua sote. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, data mpya inaweza kubaki na jumla ya zamani. Betri ya akiba iunganishwe na mashine kwa waya wa data, ili mashine ijizime yenyewe kwa utaratibu. Na usiiweke karibu na dirisha linalotazama bahari. Nimefungua masanduku skrubu zake zimeliwa na kutu ya chumvi na feni zimeganda vumbi.

Kabla ya kuchomoa diski mbovu, soma namba yake kwenye skrini, ulinganishe na kibandiko ulichokibandika mbele siku ya kufunga mashine. Kuchomoa nzima wakati mbovu imo ndani ni kuua mbili kwa mkono wako.

Reidi haizuii moto, mwizi, wala kirusi kinachofunga mafaili. Nakala nyingine ikae kwengine, imefungwa kwa nywila: mwenye tawi Chake Chake, Pemba, aipeleke huko, na wa Pemba alete Unguja. Kisha kila baada ya miezi mitatu chagua folda moja ya hesabu, irejeshe kwenye kompyuta nyingine kutoka nakala hiyo ya mbali, na mhasibu mwenyewe aifungue aikague.