Maswali ya Wasomaji: Kipimo cha ANA kimetoka chanya, je, nina lupasi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, mwenye umri wa miaka 36. Tangu masika yaliyopita vidole na magoti huniuma, na jioni huwa nimechoka sana. Nilikwenda mwenyewe maabara nikapimwa. Majibu yanasema ANA chanya, 1:80, madoadoa; RF chanya kidogo; anti-CCP hasi. Binamu yangu anasema hiyo ni lupasi, na muuza dawa amenipa prednisoloni. Mwaka huu natarajia kushika mimba ya tatu. Je, ninaumwa lupasi? Kipimo nikirudie kila mwezi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa maumivu na kwa hofu. Kwa majibu hayo matatu pekee hakuna daktari anayeweza kusema kuwa una lupasi, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na mimi nisingependa mtu yeyote akuandikie jina la ugonjwa wa maisha kabla hajavishika viungo vyako kwa mikono yake.

Kingamwili ni askari wa damu dhidi ya vijidudu, lakini baadhi yake hugeukia sehemu za mwili wenyewe. Zile zinazotafutwa na kipimo cha ANA hulenga kiini cha seli. Mtaalamu wa maabara huzimua maji ya damu yako, huyamwaga juu ya seli zilizooteshwa kwenye kioo, kisha huangalia kwa hadubini kama viini vinang'aa, ishara kwamba kingamwili zimevishika. 1:80 maana yake ni kwamba mng'ao ulikuwa bado unaonekana damu ilipozimuliwa mara 80. Utafiti wa maabara za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa watu wenye afya wapatao 13 kati ya 100 hutoka chanya katika kiwango hicho hicho, na 5 kati ya 100 katika 1:160.

Sasa tuchukulie kwamba wanawake 1,000 wenye maumivu ya kawaida wamepimwa, na wawili kati yao wana lupasi kweli. Hao wawili karibu hakika watatoka chanya, lakini pamoja nao watatoka chanya wengine wapatao 130 wasio na lupasi. Ndiyo sababu vigezo vilivyotolewa na wataalamu wa Ulaya na Marekani mwaka 2019 vinaifanya ANA ya 1:80 kuwa mlango wa kuingilia tu; baada ya hapo huhesabiwa dalili za ngozi, viungo, figo na damu, pamoja na kingamwili mahususi zaidi kama anti-dsDNA na anti-Sm.

RF nayo, kingamwili nyingine iliyoelezwa na daktari Waaler wa Norwei mwaka 1940, huonekana kwa wagonjwa wa baridi yabisi, lakini pia kwa wazee, na kwa wenye kifua kikuu, homa ya ini aina ya C au malaria, magonjwa ambayo sisi wa pwani hatuwezi kuyasahau tunaposoma karatasi ya namna hii. Anti-CCP, kingamwili nyingine ya baridi yabisi, huaminika zaidi inapotoka chanya. Ikitoka hasi, kama yako, hupunguza shaka bila kuiondoa, kwa maana wagonjwa wa baridi yabisi wapatao theluthi moja hawana kingamwili hiyo.

Kwa hiyo mwone daktari wa magonjwa ya ndani. Mweleze kama viungo huvimba, na kama asubuhi hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa. Mwombe aupime mkojo wako kama una protini, kwani figo huweza kuumia bila maumivu yoyote. Mwonyeshe pia upele wowote wa mashavuni. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huwa wa rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea, si mwekundu kama wa picha za vitabuni, na kwa sababu hiyo hupuuzwa mno.

Kuhusu prednisoloni, kama hujaanza, usianze, kwa kuwa huficha dalili ambazo daktari anazitafuta. Kama umeimeza kwa wiki kadhaa, usiikatishe ghafla bila ushauri, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo, huwa zimezoea kupumzika.

Kurudia ANA kila mwezi ni kupoteza fedha. Anti-dsDNA ndiyo hurudiwa, tena kwa mgonjwa ambaye lupasi yake imekwisha kuthibitishwa.

Limebaki la mimba, na hapa sitaki upuuze. Mchoro wa madoadoa, yaani jinsi viini vilivyong'aa katika kipimo chako, huweza kuletwa na kingamwili kadhaa, mojawapo ikiwa anti-Ro, ambayo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto hata mama akiwa hajisikii vibaya. Kati ya watoto 100 wa akina mama wenye kingamwili hiyo, wapatao 2 huzibwa njia ya umeme wa moyo. Kama daktari ataona una ukavu wa macho na kinywa, au upele unaochochewa na jua, mwombe aifikirie anti-Ro kabla hujashika mimba. Ikipatikana, moyo wa mtoto hufuatiliwa kwa altrasaundi kuanzia wiki ya 16 hadi ya 26, na haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi ambayo hutumika hata wakati wa ujauzito, hupunguza hatari hiyo.