Droba za kinanda kwa solfa, na waya wa MIDI

Kwaya nyingi hapa Moshi huimba kwa solfa, basi na mimi nitazieleza droba kwa solfa. Ndivyo ninavyowafundisha vijana wetu, na wanashika haraka.

Droba ni zile fimbo tisa za kuvuta kwenye vinanda vya aina ya Hammond, vilivyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935. Kila moja ina namba 0 hadi 8. Ikiwa ndani kabisa hailii; ukiivuta hadi 8 inatoa nguvu zake zote. Shika do moja, kisha vuta moja moja usikilize. Nyeupe nne zote ni do: ile uliyoishika, na do tatu za juu yake. Nyeusi tatu ni so, mi na so za juu. Ukizichanganya na nyingine huzisikii kama noti, unasikia sauti imekuwa kali. Za kahawia ni mbili: ya kwanza ni do ya chini, ya pili ni so iliyo juu kidogo tu ya do yako. Hiyo so iangalie sana. Ukiivuta kwenye mkono wa kushoto inakaa palepale walipo wanaume, na sauti ya tatu wanaanza kuyumba.

Kwa wimbo wa ibada navuta nyeupe ya kwanza 8, ya pili 6, na kahawia ya kwanza 4. Basi. Kanisa likishachangamka, ubeti wa mwisho naongeza nyeupe zilizobaki taratibu, huku napiga. Kuzivuta zote tisa tangu mwanzo kunameza maneno ya wimbo, na mpiga kinanda yupo kwa ajili ya waimbaji.

MIDI nayo, mfumo wa tangu 1983 wa kuunganisha kinanda na kinanda kingine au kompyuta, inasumbua wengi kwa sababu moja: waya wake haupitishi sauti. Unapitisha taarifa tu, noti gani imebonyezwa, kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Kwa hiyo kinanda cha pili lazima kiwe na waya wake wa sauti kwenda kwenye mixer. OUT ya kinanda unachopiga iingie IN ya kile unachotaka kilie. Kikikaa kimya, angalia chaneli. Zipo 16, na vyote viwili viwe kwenye moja. Kibodi ya juu, ya chini na pedali kwa kawaida kila moja ina chaneli yake.

Ukiunganisha na laptop halafu kila noti ikalia mara mbili, zima LOCAL kwenye kinanda, yaani kisijilize chenyewe unapobonyeza. Na kama droba zako zinatuma MIDI, zinatuma namba 0 hadi 127, ila mpangilio hutofautiana kati ya watengenezaji. Programu nyingi za kinanda hujifunza zenyewe: unabofya droba kwenye skrini, unavuta ya kwako, inaikamata. Zimalize zote tisa, kisha hifadhi kabla hujazima.