Wanangu Wanacheza Gemu Moja kwa Namna Mbili

SWALI: Mhariri, nina watoto wawili, wa kiume mwenye miaka 13 na wa kike mwenye miaka 10, na wote hucheza Minecraft kwenye kompyuta ya nyumbani siku za Jumamosi na Jumapili. Kaka mtu hupigana na madubwana, hufa, hukasirika na kuanza upya. Dada yake hujenga majumba tu, wala sijawahi kumwona akishinda au akishindwa. Baba yao anasema afadhali huyo wa kiume, maana angalau ana lengo. Je, ni yupi anayepoteza muda?
*Mama wa wawili, Tanga*

JIBU: Mama, tunashukuru kwa barua yako. Swali hili liko katika nyumba nyingi, na mara nyingi hukumu hutolewa kabla mzazi hajakaa hata dakika kumi pembeni ya mtoto akatazama anachokifanya.

Minecraft, iliyotoka rasmi mwaka 2011 ikiwa kazi ya kampuni ya Mojang ya Uswidi, imeundwa ili ichezwe kwa mitindo tofauti. Katika mtindo wa kunusurika, ambao bila shaka ndio anaoupenda mwanao, mchezaji huanza mikono mitupu: huvunja mti kwa ngumi, hutengeneza meza ya kazi, kisha sururu ya mbao, halafu ya mawe. Siku moja ya gemu, mchana na usiku wake, huchukua dakika 20 tu, kwa hiyo jua linapoanza kuzama inampasa aamue kama ataendelea kuchimba au atarudi kufunga mlango. Akikosea hesabu, hukutana gizani na dubwana la kijani lisilo na mikono, ambalo humnyemelea kimya kimya na kulipuka. Akifa, vitu vyote alivyobeba huanguka pale pale, naye ana dakika chache za kuvifuata kabla havijatoweka. Hasira unayoiona ni ya mtu aliyepoteza jasho lake. Anajifunza kuweka akiba, kupima hatari na kuanza tena baada ya hasara.

Katika mtindo wa ubunifu, vifaa havina kikomo, mchezaji huruka angani, na wala njaa wala adui hamwui. Hapa ndipo tunapotofautiana na baba yao. Ni kweli kwamba hakuna kushinda, lakini lengo lipo, isipokuwa binti yako analiweka yeye mwenyewe, na kujiwekea lengo ni kazi nzito kuliko kupewa. Mwombe akuonyeshe paa la nyumba mojawapo. Huenda utakuta amelipanga kwa matofali yenye umbo la ngazi, kwa kuwa katika ulimwengu ule karibu kila kitu kina pembe za mraba na mteremko hauna budi kubuniwa. Akiendelea, atakutana na vumbi jekundu linalopitisha nguvu mfano wa umeme, ambalo kwa hilo wachezaji wameunda milango inayojifungua na hata mashine za kukokotoa hesabu ndani ya gemu yenyewe.

Tofauti hii haikuanza na wanao. Richard Bartle, Mwingereza ambaye pamoja na Roy Trubshaw alitengeneza gemu ya maandishi inayochezwa na watu wengi pamoja, iitwayo MUD, katika Chuo Kikuu cha Essex kuanzia mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji wa gemu za aina hiyo wako wa namna nne, akawafananisha na karata. Uru ni wale wanaotafuta hazina na alama; shupaza ni wachimbaji wa siri, wanaotaka kujua kila pembe na kila kanuni; kopa ni wale waliokuja kwa ajili ya watu na mazungumzo; pau ni wale wanaofurahia kuwashinda na kuwasumbua wengine. Mtu mmoja anaweza kuwa uru leo na kopa kesho, kwa hiyo usimfungie mtoto katika karata moja. Pau ndio wa kuangaliwa, kwani Bartle alieleza kwamba wakizidi huwafukuza wengine mchezoni. Kijana wako akianza kucheza mtandaoni na watu asiowajua, muulize mara kwa mara anakutana na akina nani huko.

Wapeni pia nafasi ya kucheza katika ulimwengu mmoja, kaka akileta mawe na chakula, dada akijenga ngome. Ikiwa binti anaogopa madubwana, kuna kiwango cha amani ambacho huyaondoa, na kaka ataendelea kuchimba kama kawaida.

SWALI: Nacheza Celeste kwa msaada unaopunguza ugumu, na wenzangu wananiambia kwamba sijaimaliza kihalali. Je, wana haki?
*Mwanafunzi wa chuo, Mombasa*

JIBU: Ndugu, hawana haki. Celeste, iliyotoka mwaka 2018, ni gemu ngumu ya kuupanda mlima kwa kuruka, na watengenezaji wake waliweka wenyewe sehemu ya msaada inayomwezesha mchezaji kupunguza kasi ya mchezo, kukwea kuta bila kuchoka, au hata kutokufa kabisa. Huwezi kuvunja kanuni kwa kutumia mlango ambao mwenye nyumba ameuacha wazi. Anayecheza bila msaada hupata raha ya kidole kilichozoeshwa, baada ya kuanguka mara mia kwenye miiba ile ile. Wewe unapata hadithi ya Madeline, msichana anayeupanda mlima huo, na mlima wake, nayo ni hadithi nzuri. Iwapo siku moja utatamani raha ile nyingine, rudi sura ya kwanza, zima msaada, na upande chumba kimoja kimoja.